Inchi Ishirini na Moja

"Pima mara tatu," alisema fundi Chinguile,
"grenda haijui kuomba radhi."
Akapiga magoti kwenye grisi, chaki sikioni,
nyuma ya ghala la ushirika, Nachingwea.

Landrova ya marehemu baba, mgongo wazi:
magunia kumi na mawili ya korosho
na mimi juu yake, nahesabu madaraja.
Sasa shamba limegawanywa.
Mikorosho yangu sitini, njia ya kupita mbuzi;
gari refu la nini?

Hakukata wima. Alikata chesisi mshazari,
ili weldingi iwe ndefu, isije ikaachia na mzigo.
Cheche zilimrukia, pakanuka nywele.
Kisha kila kitu kikadai kupunguzwa:
propela shafti, bomba la breki, waya wa hendibreki,
hata bodi aliyoipaka baba rangi
kwa brashi ya chokaa.

Vipande viwili vikabaki chini, bado vya moto.
Kimoja, chini ya kutu, kilikuwa kijani,
rangi ambayo mimi sikuikuta,
na mkwaruzo wa mnyororo
tuliofungia mbuzi wa mahari ya dada Somoe.

"Nivipeleke kwa wa chuma chakavu?"
Mama alikwisha vishika kwa ncha ya kanga,
anapima kwa shubiri, midomo inahesabu.
"Magunia matatu," akasema, akaondoka navyo.

Jioni nilivikuta jikoni, vimelazwa sambamba,
moto katikati,
sufuria ya kunde juu yake haitikisiki.

Gari, lakini, linavuta kushoto.