Nizimie Taa Tu

Avguštin ameliacha gari mlangoni, injini ingali inanguruma,
akaingia na theluji kwenye visigino.
"Zdenka, imewaka tena. Ile ya njano,
duara lenye vistari ubavuni, kama jua la mtoto wa chekechea.
Breki zenyewe hazina neno.
Nizimie taa tu."

Nizimie taa tu.
Mwaka wa thelathini na moja huu nayasikia maneno hayo
katika gereji hii chini ya Vršič,
barabara inakopanda kona ishirini na nne
na kuteremka ng'ambo kona ishirini na sita,
na kila kona hudai chake.

Napiga jeki. Gurudumu la mbele, la kushoto, chini.
Njoo uone, namwambia, usisimame na kikombe kama mgeni wa arusi.
Pedi hii ilikuja na unene wa milimita kumi na mbili.
Leo tatu. Ya ndani imelika kuliko ya nje,
maana pini ya kalipa imeshika kutu
na mmoja anabeba mzigo wa wawili.
Na hapa, ndani ya nyama yake,
mlifukiwa waya, mwembamba kama unyoya wa paka.
Umeme kidogo ulikuwa ukipita humo, ukienda na kurudi,
ukiliambia gari neno moja: nipo, nipo, nipo.
Hauna habari na mwendo wako.
Haujui kama umepakia jibini au wajukuu.
Kazi yake kukaa, pedi ikipukutika juu yake msimu hata msimu,
hadi diski iufikie, iukate.
Hapo unanyamaza,
na kule kunyamaza ndiko kunakowasha taa.

"Kumbe ni waya tu umeharibika!"
Haukuharibika, Avguštin. Umemaliza kazi.

Tena nikwambie: kulia hakuna kitu.
Waliokiunda walitega kihisi gurudumu moja mbele, moja nyuma,
wakatumaini mapacha huzeeka pamoja.
Hawazeeki pamoja. Muulize mama yangu na dadake.
Kwa hiyo usingoje taa; ukija kuvaa matairi ya baridi
nitachungulia mwenyewe, kwa tochi, yote manne.

Anajikuna shingo. Anauliza bei. Anaguna.
"Marehemu babako alikuwa anaunganisha nyaya mbili,
utepe mweusi, dakika tano, kwaheri."

Ni kweli.
Hata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
Dolinšek ana keki ya arusi kiti cha nyuma, anasubiriwa Trenta.
Nilizimenya nyaya, nikazisokota, nikafunga utepe.
Taa ikazimika kama mtoto aliyezibwa mdomo.
Akanipa noti mbili na tabasamu.
Mchana kutwa nikausikiliza mlima.
Honi ikilia, moyo puu. Spana ikaniponyoka mara tatu,
baba akaniuliza kama nina homa.
Jioni Dolinšek akapita, akapunga mkono, mzima wa afya.

Hakuna lililotokea.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi:
hakuna lililotokea, na kesho yake
ningeweza kabisa kurudia.

Basi pedi zote nne za mbele, kushoto na kulia.
Kihisi kipya; hiki hakishoneki.
Pini naisugua, naipaka grisi.
Za nyuma zina milimita saba, ziache, mwaka huu usinilipe bure.
Kile kilichokatika nakitupa ndani ya kopo la kahawa
pamoja na wenzake. Sijui kwa nini nawaweka.

Avguštin anawasha gari. Duara la njano halipo.
Subiri, nampigia kelele, nikigonga kioo,
usiondoke bado! Kanyaga breki, kanyaga mara tano, sita.
Ya kwanza mguu utazama hadi sakafuni.
Usishtuke. Endelea kukanyaga
mpaka chini ya soli uhisi kitu kikikukatalia.