Kula Umeketi

Mashine ilinibana mkono, ikakoroma, ikaachia.
Sista Nafuna akazisoma tarakimu mara mbili
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
"Mia moja sitini na nne, mama. Una miaka mingapi?"
Thelathini na sita.
"Na nyumbani, nani hukusaidia?"
Nikavitazama viatu vyangu.

Akanipa vidonge. Nyuma ya kadi akaandika
kwa wino wa kijani:
punguza chumvi, kunywa maji, tembea, lala,
punguza mawazo.

Hapo kwa kutembea nikacheka.
Pipeline hadi Viwandani kila alfajiri,
jioni tena, nauli ikigeuka mkate,
kisha ngazi mpaka ghorofa ya sita
na mtungi wa lita ishirini begani.
Sista, kama ni miguu,
mimi ni mwanariadha aliyenyimwa medali.
Na mawazo hupunguzwa wapi?
Kwa kinyozi?
Hupimwa kwa kilo, nimuuzie jirani?

Lakini kadi nilikuja nayo.
Niliibandika juu ya jiko, kando ya risiti ya kodi,
na Mumbua wangu, miaka tisa,
akaisoma kwa sauti ya mwalimu wa zamu,
akachukua penseli, akaongeza lake:
*Mama ale ameketi.*

Nilifungua kinywa nikane.
Nikakifunga.

Miaka minne nimekula wima.
Ukoko wa ugali, nikiukwangua huku sufuria inaloweshwa.
Matonge mawili nikipiga pasi sare.
Kiazi alichokataa Kyalo, na alama za meno yake.
Chai iliyopoa ikafanya ngozi.
Hicho nikakiita chakula cha jioni.
Mgonjwa haulizwi uji, husema watu.
Na aliyesimama bado,
yeye huulizwa na nani?

Siku ya kwanza niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
sahani mapajani,
nisijue magoti niyaweke wapi.
Nikiinuka kufuata kifuniko: "Mama. Keti."
Nikikumbuka soksi kwenye beseni: "Mama."
Askari wa benki ana huruma zaidi.
Kyalo akaleta kopo la chumvi,
dada yake akalirudisha,
tukakamua limau juu ya managu
na mimi nikanuna kimoyomoyo.
Tonge la tatu ndipo uchungu wa managu ukanifikia,
ule wa kwa mama yangu, Mbooni,
ambao sikuwa nimeuonja kwa muda mrefu,
si kwamba sikuyala.

Sijageuka mtu mpya, msinisifu bure.
Juma lililopita, siku ya ovataimu,
nilikula mandazi mawili nikitembea
na sikumwambia mtu.
Maji nayanywa, ndiyo,
kwa chupa kuukuu ya Kyalo yenye picha ya simba;
msimamizi huniona nikiinuka kwenda chooni
naye hutazama saa, nami humwacha aitazame.
Jumapili napanda paa.
Majumba yetu yamebanana hata jua
lingelipa kodi kabla ya kuingia,
kwa hiyo nalifuata huko huko,
kati ya shuka za watu,
nakaa mpaka soksi zikauke.
Sifanyi kitu.
Mara mbili nimesinzia.

Mwezi huu mashine imesema mia moja arobaini na tisa.
"Unameza dawa?"
Nameza.
"Na nini kingine?"
Nikaona haya kulisema, ni dogo mno.
Naketi, Sista.

Hakucheka. Alivuta kiti chake,
akakikalia, na chai yake ilikuwa imeshapoa.

Jana nimekuta penseli imepita tena kwenye kadi:
*Mama akatae zamu ya Jumapili.*
Hilo, mwanangu,
bado tunalijadili.