Ulimi wa Trela

Mholanzi aliyetuuzia alikuwa na haraka ya kurudi kwao.
Alishusha bei mara mbili bila kuombwa,
akatuachia na kikombe kimoja chenye ufa
na harufu ya kahawa iliyolowea mapazia.
Sasa imeegeshwa mbele ya nyumba yetu Mabela,
nyeupe, nene, kama gego lililong'oka.
Mtoto wa jirani amekwisha uliza: Bibi, mnahama?

Hatuhami. Tunakwenda Salala kuifuata kharifu,
ile mvua nyembamba isiyolowesha ila kwa subira.
Kilomita elfu moja na ushei.
Ndege ni saa moja na nusu, anasema Hilal, mwanangu,
anayeamini kuwa safari ni mahali unapofika.

Sleyum ametandaza ramani kwenye meza ya chakula,
pembe zake kazikandamiza kwa kopo la chumvi,
kwa miwani yake ya pili, kwa kokwa za tende za jana.
Anaandika kwa penseli, mwandiko wa karani wa ghala:
Nizwa, tupime upepo wa matairi.
Adam, tujaze mafuta hata kama yamo.
Ukiambiwa "mbele kuna pampu", usiamini.
Hayma, tulale.
Tangi la maji nusu tu.
Maji yana uzito, na uzito ndio kesi.

Maana trela ina ulimi.
Ndivyo alivyouita fundi wa Barka,
lile chuma linalotoka mbele likashika gari kisogoni.
Ulimi ukiwa mwepesi, trela inatikisa mkia barabarani
mpaka ikutie mchangani.
Ukiwa mzito, gari linainua pua, usukani unakuwa hewa.
Wa kinywani hauna mfupa, nikamwambia fundi,
huu wenu mifupa mitupu.
Hakucheka. Akaniuzia boliti.

Kwa hiyo mchele nimeusogeza katikati, juu ya ekseli,
sufuria kubwa kando yake,
na mbuzi ya kukunia nimeificha chini ya kitanda, nyuma kabisa,
kwani Sleyum kasema tui la kopo linatosha
na mimi sijakubali.

Ila ile ramani niliisoma alipokwenda kuswali.
Kila siku ya safari inakwisha saa kumi.
Saa kumi Adam. Saa kumi Hayma. Saa kumi Qatbit.
Huyu, aliyekuwa akitoka Sur usiku wa manane
dirisha wazi, akipiga mluzi hadi Dubai!
Pembeni kaandika: ngamia hawaonekani gizani.
Kweli, hawaonekani.
Lakini nami nimemwona baada ya magharibi
akiutafuta ukingo wa ngazi kwa kidole cha mguu,
akiugusa ukuta kwa kiganja kama anayemwamkia mtu.
Sikusema kitu. Naye hakusema.

Basi kila alfajiri, akirudi kulala baada ya sala,
nachukua funguo
naenda na trela uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao.
Kurudi nyuma ndiyo kazi. Hakuna aliyeniambia
kwamba ni sawasawa na kubishana na mume:
ukitaka aende kulia, wewe zungusha kushoto,
kidogo, kidogo, bila kumwonyesha.
Nimeangusha ndoo mbili. Ya tatu bado imesimama.
Mlinzi, kijana wa Sylhet, hunipigia mkono: njoo, njoo, njoo,
halafu ghafla hujishika kichwa.

Jana usiku alikuwa bado mezani,
pua karibu iguse karatasi.
"Hayma mpaka Qatbit," akasema, "kipande kimenyooka kile.
Kakiendeshe wewe."
Nikasema labda. Nikainuka kutafuta chumvi
iliyokuwa pale pale, juu ya Nizwa.

"Kiti cha dereva kimesogea mbele," akasema,
penseli inakwenda, hajainua uso.
"Wiki ya pili sasa."

Akafuta saa kumi ya Qatbit,
akapuliza vumbi la kifutio, akaandika saa mbili.

"Na ile mbuzi itoe chini ya kitanda.
Iweke juu ya ekseli."