Kikaratasi

Saa kumi na moja alfajiri, Raskazone,
nafunua jakuzi la wageni. Mvuke unanipiga usoni
kama sufuria ya wali iliyofunuliwa kabla ya wakati.

Nachovya kikaratasi. Nahesabu hadi kumi na tano.
Njano, njano ya bizari: asidi imezidi.
Jana waliingia saba, na mafuta yao ya nazi,
na bia moja iliyopinduka.
Magadi kwanza, kijiko na nusu. Klorini baadaye.
Kaniki, aliyenifunza kazi, ana kovu la pupa hiyo
chini ya mkono wa shati. Nimeliona mara moja tu.

Nasubiri. Pampu inakoroma.
Maji hayaharakishwi.

Nyumbani Makorora, Mwantumu hana kikaratasi.
Ana ndoo ya kisima, na shabu
kwenye pindo la kanga. Anaizungusha mara saba,
anaitoa, anaendelea kuchambua mchicha.
Tope linashuka lenyewe, kama mtoto aliyekanywa kwa jicho.

Juzi niliiba kimoja, nikapima ya kwake.
Rangi ikasimama palepale panapotakiwa.

Sikumwambia.
Angeniuliza: kwani ulidhani nini?