Hesabu ya Nyumba Nyembamba

Nyumba njema si mlango, mama alinionya kwenye simu kutoka Kigoma,
nami sikumwambia kuwa mlango ndio pekee uliokuwa mzima:
mwekundu, mti mgumu, kitasa cha shaba
kilicholainishwa na viganja vya watu nisiowajua.
Nyuma yake, futi kumi na nne za upana,
Hamilton, Ontario, upande ule moshi wa kiwanda cha chuma unakolalia,
na 1912 imechongwa juu ya dirisha
kama jina la mtoto.

Mkaguzi, Lorne, alishuka chini ya nyumba kwa magoti,
tochi mdomoni, akaibuka na orodha.
Paa: miaka mitatu, minne Mungu akipenda.
Nyaya: zimevikwa kitambaa, kama vidole vya mgonjwa.
Sakafu ya jikoni: weka chungwa kando ya jiko,
litakwenda lenyewe hadi mlango wa nyuma.
Tunu aliliweka. Lilikwenda.
Bomba la maji kutoka barabarani: la risasi.

Nilimtafsiria mke wangu neno hilo, nikajuta.
Kwetu risasi ni moja, ya bomba na ya bunduki,
na Nabintu, aliyevushwa ziwa usiku akiwa na miaka tisa,
aliuondoa mkono wake ukutani, taratibu,
kama aliyegusa kitu cha mwenyewe.
"Linabadilishwa," nikasema. "La shaba. Dola elfu sita."
"Basi andika."

Tukaandika. Usiku ule, ghorofa ya tisa,
kwenye fleti tuliyoilipia kodi miaka kumi na mmoja,
kikokotoo kati ya kibakuli cha chumvi na dawa ya kikohozi ya Tunu.
Kodi kwa mwenye nyumba, kodi kwa manispaa:
lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili,
mkono unaotoa ni ule ule.
Benki inataka miaka ishirini na mitano.
Nitakuwa na sitini na minane, pengine bado naoka mikate ya watu usiku,
nikimiliki hatimaye, bila deni,
ule mteremko wa chungwa.

"Na lile kaburi?" Nabintu akauliza.

Maana uani, kwenye theluji ya Machi,
kulikuwa na tuta, refu kama mtu aliyelala:
mbao, zulia kuukuu, udongo, ndoo upande wa kichwa.
Wakala alilitazama, akatazama saa.
Jirani ndiye aliyeeleza, Bibi Assunta, juu ya ua wa waya,
kwa Kiingereza kinachovunjika pale pale kinapovunjika changu.
Mtini.
Marehemu alikuja nao kutoka Calabria, kijiti ndani ya soksi.
Kila Novemba alikata mizizi ya upande mmoja,
akaulaza, akauzika, baridi isiuone.
Kila Aprili akaufukua.
Amekufa Januari. Wanawe wako mbali, wanataka pesa zao wagawane.
Bibi akakunjua viganja vyake hewani
na hakumalizia.

Lorne hakuliandika hilo popote.

Nimelala mchana, nimeamka, nimehesabu tena.
Shemeji anasema subirini, bei itashuka.
Msimamizi wangu kazini anasema nunua mpya, nje ya mji,
kuta zimenyooka, gereji ya magari mawili
(gari letu ni moja, na halitaki kuwaka).
Mama anasema: kwani hamrudi?
Swali hilo halina safu kwenye karatasi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyetupa.

Leo alfajiri nimerudi na unga kwenye nyusi
nikakuta mwandiko wa Nabintu mezani,
chini ya paa, chini ya nyaya na bomba,
chini hata ya jumla niliyoipigia mistari miwili:

beleshi.

Na mbele yake, mahali pa bei,
ameandika Aprili.