Robo Saa ya Ezell Crumpton

Aliingia kwa mlango wa nyuma, mwaka wa arobaini na nane,
ufagio mkononi, santuri tatu kwapani zimefungwa gazeti.
Bwana Haskew, mwenye kituo, alimkatia robo saa,
saa kumi na moja alfajiri, kabla nyumbu hawajafungwa jembe:
"Uza unga wangu. Mengine shauri yako."

Akauza unga.
Aliusifu hadi mkate ukaumuka ndani ya spika,
kisha akashusha sindano, senti mbili juu ya mkono wake
isije ikaruka pale santuri ilipochubuka,
na bluzi ikatoka, nzito kama tope la mto Yazoo,
ikapita chini ya milango ya vibanda bila kubisha hodi.

Mimi nilikuwa fundi mitambo.
Niliuona mshale wa mita ukitetemeka, nikadhani ni umeme.
Barua zilipoanza kuja, zimejaa gunia la pamba,
ndipo nilipojua mshale ule ni watu:
dobi wa Itta Bena, mfungwa aliyebakiza miaka tisa,
mama mmoja, kwa kalamu ya risasi:
"Bwana Ezell, mume wangu hanicheki tena nikilia jikoni.
Siku hizi anavuta kiti."

Robo ikawa saa, saa ikawa jioni nzima.
Wapiga gitaa walimngoja ngazini, ala zao ndani ya foronya.
Aliwatafutia kumbi hadi Memphis,
akawahesabia ujira wao mbele ya macho yao, noti baada ya noti,
kwa kuwa aliwahi kumwona mtu akiimba hadi kuku wawike
akalipwa soda.

Chanda chema huvikwa pete;
chake kilivishwa funguo.
Haskew alipokufa, mjane alimwita: "Meneja."
Mchoraji akaandika jina lake kwenye kioo cha mlango wa mbele,
akaiacha herufi moja. Ezell akasema iacheni,
nimeingia hata bila hiyo.

Lakini kiti cha meneja kina daftari,
na daftari halina masikio.
Wenye matangazo walitaka vijana, vijana walitaka dansi ya mjini;
bluzi, walisema, ni kilio cha wazee wa jembe.
Mishahara ikachelewa miezi mitatu. Tulikuwa kumi na wawili.
Jumanne moja akabandika ratiba mpya.
Niliitafuta saa yake kwa kidole, juu hadi chini.
Ilikuwa imekatwa kwa wino uleule uliotia sahihi hundi zetu.
Lula Bea akaifunika taipureta yake,
akatoka bila kuaga.

Usiku ule, baada ya kufunga matangazo,
nilirudi kuzima mtambo.
Taa ya studio ilikuwa inawaka.
Ezell, koti begani, senti mbili juu ya mkono wa sindano,
alikuwa anaiambia maikrofoni anayoidhania imekufa
habari za unga ambao kinu chake kilishabomolewa.

Nikaweka mkono kwenye swichi.
Nikautia mfukoni.

Asubuhi simu ililia kabla sijavua kofia.
Sauti ya mzee, mbali, kutoka Itta Bena:
"Mwambieni huku tuliamka sote.
Na huo unga,
unapatikana duka gani?"