Mujinga Anaacha Kazi

Jumatatu niliandika barua kwa Kifaransa,
maana kule kazini hata kwaheri ina lugha yake.
Mistari minne. Nikaitia sahihi
kwa mkono uleule uliopima shaba miaka tisa:
unga wa kijani ndani ya asidi, namba kwenye kioo,
tatu nukta mbili kwa mia, tatu nukta nane,
na lori linapita, au linarudishwa shimoni.

Bwana Kaumba, mkuu wa wafanyakazi, akauliza, "Mshahara?"
Hapana.
"Ugonjwa?" Hapana.
"Mume?" Nikacheka, naye akacheka, kisha akanyamaza,
akalitazama jina langu juu ya karatasi
kama mtu aliyepata jibu.

Mujinga.
Kwa Kiluba ni mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu shingoni,
aliyekuja duniani amefungwa
na bado akalia.
Kwa Kiswahili, haya, mnajua.
Darasani Katuba nililizoea.
Wiki ile nikalisikia upya,
kila mdomo ukiidondosha ile u:
Mjinga, dola elfu mbili kwa mwezi!
Mjinga, nyumba ya kampuni, daktari wa kampuni,
basi la kampuni linapiga honi mlangoni saa kumi na moja alfajiri!
Kaka yangu Kyungu alihesabu kwa vidole
wote wanaokula mkononi mwangu,
akafika kumi na nne, akarudia,
akajisahau mwenyewe mara zote mbili.

Na yote hayo niliyaacha kwa ajili ya finkubala.
Ndiyo. Viwavi.
Wale weusi waliokaushwa, tunaowala na bukari.
Mwanamke mmoja wa Liège, sijawahi kumwona uso,
aliniandikia usiku: nilifungua pakiti yako,
mwanangu akanusa, akaniuliza mbona nalia.
Nikausoma mara nne, betri asilimia sita,
umeme umekatika tangu mchana,
mtandao ukichungulia na kujificha kama mdaiwa.

Hapo nikapiga hesabu nyingine.
Kutuma kilo moja kutoka Lubumbashi
kunakula bei ya kilo tatu. Kutoka Ndola, nusu yake.
Ndola kuna chumba kwa shangazi Mwape,
na mtandao, alisema, unaolala humo humo ndani.

Kasumbalesa malori yalikuwa yamesimama
hadi macho yanapoishia, yamebeba sahani za shaba,
labda zile nilizoziidhinisha mimi.
Dereva mmoja alikuwa akikaanga mayai chini ya tela.
Nikapita kando yao kwa miguu, gunia kichwani.
Afisa wa mpaka akalifungua, akachota ukofi,
akatafuna akitazama mbali.
"Hawa hawana chumvi ya kutosha," akasema.
Kweli. Niliandika kwenye daftari.

Usiku wa kwanza Ndola, umeme ukakatika.
Shangazi Mwape alicheka hadi akakaa chini.

Sasa ni mwezi wa tatu. Wateja thelathini na mmoja,
wawili kati yao wagomvi.
Duka la mtandaoni linanikata asilimia kumi na tano.
Kumi na tano! Hakuna jiwe nililolipima
likawa tajiri kiasi hicho.
Nyumbani nimetuma dola arobaini. Kyungu hakujibu,
ila simu iliniambia amezipokea.
Kwenye pakiti nimechapa jina langu,
herufi kubwa, na u yake.

Sisemi nimefika. Kuna usiku naota namba kwenye kioo
na naamka nimekosea.
Saa kumi na moja alfajiri mwili unashtuka wenyewe,
unasubiri honi.
Hakuna anayepiga.
Nalala kidogo nikisikiliza kimya hicho,
sijui bado kama ni changu au ni cha kuazima,
kisha nanyanyuka.
Mawingu yanakuja, na viwavi wamo nje.